Kibao Shingoni mwa Mwalimu Lukia

Mwalimu Lukia hakuwa mtu wa kutulia. Kila Jumapili alishuka Same kutoka milimani, juu kupita Suji, na kabla hajaketi kwenye kompyuta za dukani kwangu alishauliza kama mtandao upo. Nilimcheka. Enzi hizo za soko huria kila mtu alitafuta cha kuuza. Yeye alitafuta walimu wenzake wa nchi nzima, wakiandikiana barua pepe kuhusu madarasa yao.

Kilichomkera ni kibao. Shuleni kwake mtoto akiteleza akasema Chasu, lugha ya nyumbani, alivishwa kibao shingoni mpaka mwingine ateleze ampokee. Kurwa wa darasa la pili alikivaa mpaka akaacha kusema kabisa. Walimu wale wa mtandaoni wakakubaliana kukusanya visa vya namna hiyo, vipelekwe wizarani. Mwisho Jumamosi mchana.

Barua hiyo ilipoingia katikati ya wiki, nikampelekea habari kwa konda wa basi. Ijumaa akashuka mbio, akakuta mgao wa umeme. Akawa anakaa, anasimama, anachungulia jua, maana yeye ni Msabato na likizama tu Sabato imeingia.

"Nisimulie, kesho nitakuandikia," nikamwambia.

"Dada Sumaiya, nikikutuma wewe si nimefanya kazi mwenyewe?"

Nilifura kwa hasira. Mtoto amekuwa bubu, yeye anachunga machweo! Akaondoka analia. Kesho yake umeme ulirudi mapema, na visa vikaenda wizarani bila cha Kurwa. Jumapili hakutokea, nami nikakosa raha kwa maneno niliyomtolea.

Alipokuja tena alibonyeza herufi kama anayetwanga. Nikasoma begani kwake: amefundisha hesabu kwa Chasu, kisha akajivisha kibao mbele ya darasa zima na mwalimu mkuu. Akawatumia walimu wenzake wote.

Jumapili iliyofuata majibu yalimsubiri. Mwalimu wa Tarime amevaa cha shuleni kwake. Wa Mbulu naye kavaa, na wazazi wameitisha mkutano kukipinga. Mmoja akauliza: wewe nani alikupokea?

Lukia aliinuka, akazunguka duka, akarudi kuandika.

"Watoto wote walifunga midomo, waliogopa. Jioni Kurwa akasimama, akasema kwa Chasu, kwa sauti: Mwalimu, umechoka. Nipe mimi."