Gunia Langu Kwenye Kalavati

Nimewachapa wajukuu wengi kwa kusema uongo, kwa hiyo huu wangu nausema mwenyewe.

Halmashauri yetu ya Ngara na ile ya Biharamulo zilishtakiana kuhusu nani alipie kuzibua mtaro wa mpakani, uliokuwa unafurika mashambani kwetu. Nikaitwa shahidi. Nikamwambia hakimu kwamba watu wa Biharamulo ndio wanaoziba kalavati la mtaro huo. Sikuwa nimeona mtu, ila niliapa.

Hakimu akaja kupaona hapo kwenye kalavati. Mwenyekiti wa kijiji cha upande wa pili akaniamkia, "Shikamoo, bibi shahidi."

"Marahaba. Leo mtaumbuka."

Vibarua wakaingia kalavatini. Takataka zote zilikuwa zimezuiwa na gunia moja zito, linanuka, limefungwa kwa kipande cha kitenge. Ndani mlikuwa na mihogo. Nilikuwa nimeiloweka mtaroni kabla ya mvua, maji yakaichukua, nami nikawatangaza haohao wa Biharamulo kuwa wezi.

"Ni ya nani?" hakimu akauliza.

 Mkwe wangu, aliyekuwa amefuatana nami, alifurahi kweli, akapaza sauti, "Mama! Si kitenge chako hicho? Mihogo yetu imepatikana!"