Upinde wa Mvua Juu ya Bwawa

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, baba alileta nyumbani kwetu, mtaa wa Mountain View, mashua ndogo ya tanga, ya watu wawili, juu ya pikapu ya kukodi. Alikuwa askari wa usiku katika nyumba moja Lavington. Ilikuwa mashua ya watoto wa tajiri wake, ambao walikuwa wamekua na kwenda ng'ambo, na gereji ilipofagiliwa baba akaiomba. Mama alimuuliza mashua ni ya nini katika mji usio na ziwa. Baba alizaliwa kando ya Ziwa Victoria, na miaka mingi ya kukaa getini ilikuwa imemchosha kwa namna ambayo usingizi hauponyi.

Upande wa Kikuyu kulikuwa na bwawa la shamba la maua, na meneja akaturuhusu kulitumia Jumamosi. Huko ndiko baba alikonifundisha. Nilijifunza kusimamisha mlingoti, kupitisha kamba matunduni, kutweka tanga, na kuhisi kwa shavu upepo unakotoka. Wiki za kwanza nilikuwa nikiizungusha mashua mahali pamoja hadi wachuma maua wakasimama kututazama. Baba alikuwa mvumilivu. Jambo moja tu ndilo alilosema kwa ukali.

"Akinyi, kamba ya tanga haifungwi. Unaishika na mkono, ndio upepo ikizidi uachilie."

Cucu, mama yake mama, naye alikuwa na onyo lake. Alizaliwa huko huko Kikuyu, na tangu utoto wake alijua kwamba ndani ya mabwawa anaishi mukunga-mbura, mnyama ambaye mwili wake ni upinde wa mvua. Ukiuona umesimama juu ya maji, alisema, jua ametoka kutafuta mtu, nawe utoke haraka. Baba alimsikiliza kwa adabu, kama mkwe anavyopaswa. Mimi niliogopa, lakini nilipenda mashua kuliko nilivyoogopa.

Jumamosi moja baba alitoka kazini asubuhi, akashinda akirekebisha bomba la jirani, kisha tukaenda bwawani bila yeye kufumba jicho. Saa kumi jioni tulikuwa katikati ya maji. Upepo ulikuwa mpole. Akaniachia usukani na kamba, akasema anapumzisha macho kidogo. Muda si muda alikuwa amelala, mdomo wazi, kichwa ukingoni mwa mashua.

Nilijivuna kwanza. Halafu mikono ikaanza kuuma. Kamba ilikuwa imenichubua vidole, na nilikuwa nimefua nguo za nyumba nzima tangu asubuhi. Nikaifunga kwenye kiti, kifundo kimoja, nikijiambia ni kwa dakika tu.

Mvua ilikuwa ikinyesha ng'ambo ya bwawa, jua nyuma yetu. Nilipoinua macho, upinde ulikuwa umesimama juu ya maji, mguu wake mmoja karibu kiasi cha kuona rangi zikitetemeka. Nilijua napaswa kumwamsha baba. Nikamhurumia. Nyumbani hakupata kulala hivyo, kwa kelele zetu.

Upepo uliotangulia mvua ukatupiga ubavuni. Nikaivuta kamba, kifundo kikazidi kukaza, na mashua ikapinduka. Mimi nilishika tumbo la mashua, jaketi la kuokolea likinishikilia juu ya maji. Baba hakuonekana. Tanga lilikuwa limelala juu ya maji, na chini yake kitu kilikuwa kikisukuma, kikaacha, kikasukuma tena. Niliita hadi sauti ikakatika. Alipoibuka alikuwa na damu shavuni, na alikohoa muda mrefu kabla ya kuniuliza kama nimeumia.

Nyumbani aliwaambia mama na Cucu kwamba alilala. Mimi nikasema tulimwona mukunga-mbura. Cucu alimtazama baba, si mimi.

"Baba Akinyi," akasema polepole, "huyo mnyama hachukui mtu ako macho."

Baba aliinamisha kichwa. Wiki iliyofuata aliwaachia watu wa shamba ile mashua, na sikumsikia akitaja tanga tena. Kifundo kilibaki siri yangu.

Sasa mimi ni muuguzi katika hospitali moja Kilimani, na wiki nyingi zamu yangu ni ya usiku. Mwaka jana nilipita kwa baba nikitoka kazini. Amestaafu, mama na Cucu hawako tena. Usiku huo nilikuwa nimekaribia kumpa mgonjwa dawa isiyo yake, kwa uchovu tu, na mwenzangu akanishika mkono. Labda ndiyo maana nikamwambia baba habari za kile kifundo.

"Nilijua," akasema. "Ni mimi nilikikata na kisu, huko chini, ndio nitoke."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ulikuwa mtoto. Mimi ndio nilikupea kazi ya mtu mzima nikalala."

Mnyama wa Cucu simcheki. Nadhani kwake alikuwa njia ya heshima ya kumwambia mtu aliyechoka jambo ambalo hakuna awezaye kumwambia usoni. Nilimsingizia mnyama huyo, nikamwacha baba abebe lawama iliyobaki, naye akaibeba miaka yote hiyo bila kunionyesha uzito wake. Asubuhi hiyo nilimshika mkono tu.