Magongo ya Dada Halima

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana wa mataifa wakishindana mpira wa magongo. Walivaa viatu vya magurudumu, wakateleza kwa kasi ya kumwacha swala akilia. Nilicheka, kisha nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni, kijijini kwetu.

Mchana ule pale Ilongero, duka la ushirika lilinuka mafuta ya taa, na redio ilikoroma kama zizi zima la ng'ombe. Mtangazaji alisema vijana wa dunia wanashindana kwa magongo, tena wana magurudumu miguuni. Dada yangu Halima, aliyetembelea magongo tangu polio imlegeze miguu, alinibana mkono.

"Mdogo wangu, umesikia? Wanatutaka sisi wa magongo!"

Mimi nami sikujua kama kuna magongo mengine. Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, Halima mbele, vumbi likifika mbinguni.

"Shikamoo, mwenyekiti. Dada anataka kuandikishwa mashindano ya magongo."

"Marahaba. Taifa linamhitaji kila mtu," alisema, akaandika jina lake daftarini. Naye hakujua.

Halima aliyapaka magongo mafuta ya alizeti mpaka nzi wakateleza. Kila siku alikaa kando ya barabara na kifurushi chake, akisikiliza ngurumo za malori.

"Watakuja lini kunichukua?"

"Kesho," nilimjibu.

Magongo ya kuchezea mpira niliyajua ukubwani, kwenye masomo ya jioni. Dada sikumwambia.

Kesho anakuja kunisalimia. Nimemwomba mjukuu aifiche simu.