Mama Anthony Autia Mtumbwi Tanga

Sisi wa Makote maji tunayajua kwa ndoo. Tunakaa juu uwandani, kwenye mchanga na mikorosho, na mto Ruvuma uko bondeni kabisa, mwisho wa mteremko unaokumaliza magoti. Ndiyo maana mtu wa huku akianza habari za mlingoti na tanga, majirani humgusa kwanza paji la uso. Veridiana, ambaye wote tunamwita Mama Anthony, aliulizwa kama ana homa na karibu kila mtu aliyepita uani kwake mwaka ule.

"Ninayo," alijibu. "Mmeniambukiza ninyi."

Mumewe, marehemu Dastani, alikuwa na mtumbwi kule bondeni, na shamba la mpunga na mboga kwenye kisiwa cha mto. Kisiwa hicho kiko upande wa juu wa mto, mbele ya kivuko tunakofungia mitumbwi, kwa hiyo ukitaka kufika lazima upige kafi kupingana na mkondo. Kutembea ukingoni usahau. Kuna matete marefu kuliko mtu, na ndani ya matete kuna mamba wasiobisha hodi.

Arobaini ya Dastani ilipokwisha, ndugu zake wakaja kugawa vitu. Kwa mila ya Wamakonde wa zamani, mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake. Mtoto huyo alikuwepo mapema kuliko chai: Muharami, dereva wa bodaboda wa Nanganga, anayevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba. Akachukua baiskeli. Akachukua redio, shoka, na koti la mvua. Mama Anthony akaendelea kugawa chai. Pale Muharami alipoutaja mtumbwi, mama akaweka chini sinia la chai.

"Huo hautoki."

"Mkaza mjomba, mimi nakuheshimu," Muharami akasema. "Lakini mila ni mila."

"Mila ilikuwa wapi wakati mjomba wako anauchonga? Mti aliukata kwenye shamba la mama yangu. Wewe hata ugali wa kumpelekea hukuwahi kuleta."

Mama yake Muharami, Bi Fatu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akila karanga. Huyu ni dada wa marehemu, wifi yake Mama Anthony, na hana kawaida ya kufunika maneno. "Wifi, tuseme ukweli. Huo mkono wako utapiga kafi?"

Wote tukautazama mkono. Kifundo cha kulia kilivunjika zamani, mama alipoanguka na ndoo ya maji mteremkoni, kikaunga kikiwa kimepinda. Kushika jembe anaweza kwa kujilazimisha. Kupiga kafi dhidi ya Ruvuma, hapana. Na bila mtumbwi hana shamba, na bila shamba angebaki na muhogo wa huku juu, ambao mwaka ule ulikuwa umeota kama unadaiwa.

Wakabishana mpaka karanga zikaisha. Mwishowe wakakubaliana hivi: korosho zikianza kudondoka, Mama Anthony aufikishe mtumbwi kisiwani bila mkono wa mwanamume na bila kuvutwa na mtu. Akishindwa, Muharami anauchukua siku hiyohiyo, akavushie abiria.

Muharami alicheka hadi miwani ikateleza.

Kumbe mama alikuwa amewahi kwenda Mikindani kumuuguza binti yake, Anjelina. Wenzake wakienda pwani hurudi na khanga. Yeye alirudi na ngalawa kichwani. Aliona kwamba ngalawa ni mtumbwi tu uliofungwa mbao mbili za kuelea, moja kila ubavu, zinazoitwa mirengu, ili tanga likivuta chombo kisipinduke. Basi akakata msufi, mti mwepesi unaoelea kama kizibo, akachonga mirengu yake uani, kifundo kikiuma na majirani wakiuliza anatengeneza vitanda vya nani. Mianzi minene ikawa mikono ya kuishikia. Akaishusha bondeni, akaifunga mtumbwini kwa kamba tupu, bila msumari hata mmoja. Mwanzi mwingine ukawa mlingoti.

Tanga ndilo lililotaka kumuumbua. Mkulima wa korosho akifikiria kitu imara, anafikiria gunia. Kwake gunia ni mfuko, ni mlango wa choo, ni godoro la mgeni asiyetakiwa. Mama akashona magunia ya korosho, mishono miwili miwili, likatoka tanga ambalo ungeweza kumbebea ng'ombe.

Siku ikafika. Wanaukoo wakashuka bondeni kama wanakwenda harusini. Mama akawatandikia turubai lake wakae, akawapakulia chakula, maana mgeni ni mgeni hata akija kukunyang'anya. Hakuwa na haraka ya kuondoka. Anayepuliza salfa, dawa ya unga, kwenye mikorosho anafanya hivyo alfajiri kwa sababu anajua upepo wa mashariki huamka jua likishapanda, na mama amepuliza salfa maisha yake yote. Akangoja majani ya matete yalale kuelekea mto unakotoka, akasukuma ngalawa majini, akapandisha tanga.

Upepo ukaja, ukapita katikati ya magunia, ukaendelea na safari zake.

Ngalawa ikasimama kidogo, ikafikiri, kisha mkondo ukairudisha taratibu mpaka pale ilipotoka. Muharami alikuwa anarekodi kwa simu.

"Mkaza mjomba! Hilo ni tanga au chekeche?" Akaingia majini mpaka magotini, akaishika kamba ya mbele. "Haya, pole. Shuka."

"Achia kamba."

"Umeshindwa, mama."

"Limeshindwa gunia. Mimi nimeshindwa saa ngapi? Tulisema siku hiyohiyo, na siku ndiyo hii, jua lile pale." Akashuka, akampita, akaenda moja kwa moja kwa wageni. "Wifi, inuka."

"Niinuke niende wapi?"

"Popote. Umekalia tanga langu."

Turubai la kuanikia korosho halipitishi hata umande. Bi Fatu akainuka akinung'unika, na ukoo mzima ukainuka naye, sahani mkononi. Mama akang'oa magunia, akalifunga turubai kwenye mwanzi, mafundo mengine akikaza kwa meno. Hakuna aliyemsaidia, na asingekubali.

Safari hii upepo ulipokuja, turubai likavimba kwa kishindo, ngalawa ikaruka kama imefinywa. Kwenye kona mrengu wa kushoto ukapanda fungu la mchanga, ikakwama. Mama hakushuka. Alihamia ubavu wa kulia, akakaa juu ya mwanzi kwa uzito wake wote, wa kushoto ukanyanyuka, ngalawa ikapita. Kafi alilibana kwapani liwe usukani. Baada ya hapo tuliona tanga tu juu ya matete, mpaka lilipoteremka kisiwani.

"Amesaidiwa na upepo," Muharami akasema. "Hiyo haihesabiwi."

Bi Fatu akamgeukia mwanawe. "Upepo ni mwanamume? Una mikono? Toka majini, unalowesha suruali bure."

Jioni mama alirudi na mkondo, tanga limekunjwa, amebeba bamia na mafungu ya matembele. Fungu nono akampa wifi yake. Muharami akasogea, miwani ameivua, akamwamkia vizuri, akauliza kama siku moja anaweza kupanda.

"Marahaba. Utapanda," mama akasema, akiifunga ngalawa yake kwenye mti. "Utakaa mbele, kwenye maji yanayoruka, na mdomo ufunge."