Mgongo wa Des Hanrahan

Des Hanrahan alizaliwa na nywele nyekundu na ngozi nyeupe, akakulia kwenye mashamba ya miwa ya Innisfail, ambako jua halimwonei mtu huruma. Kufikia miaka saba madoadoa yalikuwa yamemjaa kuanzia usoni hadi vidoleni, na wenzake shuleni wakambandika jina: Yai la Batamzinga.

Alipooa, mkewe Maureen alimsimamisha dirishani kila mwezi akamkagua mgongo doa kwa doa, maana kule saratani ya ngozi haichagui nyumba. Maureen akafariki. Des akaendelea na miwa yake, na kwa miaka minne hakuna aliyemtazama mgongo.

Siku moja alikuwa akitengeneza trekta na jirani yake, Nevio Zanetti, mvua ikawalowesha chapachapa. Des akavua shati alikamue.

"We mzee," Nevio akasema, "huu mgongo anauangalia nani siku hizi?"

"Mbu."

"Sitanii. Hebu simama. Hili la chini ya bega lilikuwepo?"

"Nitajuaje? Ninayo elfu moja!"

"Mengine ni ya kahawia. Hili jeusi ti, na kingo zake zimekwenda upande. Vaa, twende kwa daktari."

"Tumalize trekta kwanza."

"Trekta halifi, bwana. Panda gari!"

Daktari alilikata doa siku ileile, akalipeleka kupimwa. Majibu yalichukua siku tisa. Kila jioni Nevio alikuja kuazima spana, hata Des akabaki hana spana hata moja.

Siku ya kumi simu ikalia. Ilikuwa saratani kweli, lakini changa, haijazama. Wangekata kidogo pembeni, kisha awe anapimwa kila miezi mitatu. Des akakaa kwenye ngazi za baraza akalia, jambo ambalo hakulifanya hata mazishini. Nevio akasimama uani, akijifanya anakagua tairi.

Tangu hapo, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, Nevio huja na miwani yake. Des naye sasa haendi shambani bila mikono mirefu na kofia pana.

Juzi Des alimwambia, "Leo na wewe vua."

Nevio akavua. Mgongo mzima malaika, kama mkeka wa manyoya.

"Mama yangu! Humu natafuta doa au nyoka?"

"Tafuta, mzee, acha maneno."

Des akamgeuza kwenye mwanga, akaanza na bega la kushoto.