Siku Niliyowafungia Musaga Mbele ya Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni sasa, mumalize kabisa, kwa sababu mkasa huu sijawahi kuusimulia mpaka mwisho bila mtu kunikatiza, na mimi mwenyewe nikifika pale kwenye vigelegele huwa natafuta pa kuficha uso. Ni aibu, jamani. Aibu ya mchana kweupe, mbele ya watu wa Bwiza na watu wa Musaga waliokaa pamoja, na mbele ya mama mkwe wangu, ambaye ndiye hasa nilikuwa nataka anione.

Mimi nacheza basketi. Ndiyo, mimi huyu huyu Zaina muuza vifungo na nyuzi, mama wa watoto wawili. Navaa kitambaa changu kichwani na suruali ndefu chini ya mayo (ile fulana ya ekipe, timu yetu, yenye namba mgongoni), na kila Alhamisi jioni naenda mazoezini na wanawake wenzangu kwenye uwanja wa simenti hapa kwetu Bwiza. Watoto nawaachia mama mkwe, tunayekaa naye nyumba moja. Sasa yeye alikuwa amezichoka hizo Alhamisi. "Mama ya watoto anakimbiza mupira kama mutoto wa masomo," alikuwa akisema, hata wageni wakiwepo. Mwishowe akatoa hukumu: atakuja kuangalia mechi yetu na ekipe ya mtaa wa Musaga kwa macho yake, na akiona ni upuuzi, basi, nitafute mtu mwingine wa kunishikia watoto.

Wiki ile ile kocha wetu Beatrice, ambaye ni mwalimu wa michezo, alitukalisha chini akatueleza habari za presha: kwamba mchezaji anaweza kuwa na mikono mizuri na mapafu mazuri, lakini siku ya mechi kichwa kikimhama, mikono nayo inahama; kwamba lazima ule vizuri, unywe maji, upashe mwili moto, upumue. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Kocha, mi nimezaa wawili, presha gani tena inaniogopesha?" Wenzangu wakacheka sana. Nikajiona mjanja.

Siku ya mechi ikafika. Asubuhi chakula hakikupita kooni (sikusema ni presha, nilisema ni joto), nikanywa kahawa, nikaongeza kahawa. Kipindi cha kwanza nilicheza vizuri, Mungu shahidi, kwa sababu mama mkwe alikuwa hajafika. Alisema atakuja na mume wangu Juma na watoto akishasali alasiri. Tulikuwa tunaongoza. Ikapigwa firimbi ya mapumziko, wenzangu wakaenda kunywa maji, kisha wakaanza kupasha mwili upande wa pili, maana kwenye basketi mkitoka mapumziko mnabadilishana vikapu, kile mlichokuwa mnakishambulia kinakuwa chenu cha kulinda. Kila mtu anajua. Hata mimi najua.

Lakini pale pale nikamwona mama mkwe anaingia, mtandio wake wa sikukuu kichwani, anaangalia huku na huku hana pa kukaa. Nikasema, wacha nikimbie mara moja nimtafutie kiti. Ni hilo tu, kiti tu! Nikambembeleza kijana mmoja shabiki wa Musaga mpaka akatoa chake, nikakisogeza mbele kabisa kwenye kivuli, nikakifuta vumbi, nikamsalimia mama kwa heshima zote. Yeye akanirekebisha kitambaa kichwani, akaniangalia machoni, akasema, "Usitupatishe aibu, umesikia?"

"Ndiyo, mama."

Firimbi ikalia. Nikarudi uwanjani mbio bila tone la maji, mwili umepoa, na kichwani ni maneno hayo tu yanazunguka. Hata dakika haijaisha, mpira ukamponyoka dada mmoja wa Musaga, nikaudaka, nikageuka, na mbele yangu, wallahi, hakuna mtu. Uwanja wote ni wangu. Nikatoka mbio.

Nasikia uwanja mzima unapiga kelele, "Zaina! Zainaaa!" nikasema, leo wamenijua. Wachezaji wa Musaga wamesimama tu, nikasema, hawa wamechoka mapema. Mwenzangu Jeanine anakimbia pembeni yangu, mikono juu, macho yamemtoka, nikasema, huyu naye anataka nimpe mpira, leo simpi mtu. Akanivuta mayo kwa nyuma (Jeanine, mtu wa ekipe yangu!), nikajinasua kama samaki, nikaruka, nikauweka mpira kwenye kikapu taratibu, laini, bila hata kugusa chuma. Kikapu kizuri kama kile sijawahi kufunga, na sijui kama nitafunga tena.

Watu wa Musaga wakaruka juu kwa furaha. Nikasema, lakini hawa ni wastaarabu! Nikamgeukia mama mkwe, nikaweka mkono kifuani, nikainama kidogo. Naye, Mungu wangu, akasimama akapiga vigelegele.

Ndipo nikamwona Kocha Beatrice amekaa chini kwenye simenti, mikono kichwani, na refa anawahesabia Musaga pointi mbili.

Nyinyi mnadhani iliishia hapo? Kutoka dakika ile mikono ikawa si yangu. Mpira nikipewa unanipita vidoleni kama sabuni. Nikiupata naganda, naangalia kikapu hiki, naangalia kile, na mara moja nilimwuliza Jeanine kwa sauti, "Ni wapi?" refa akageuka asicheke mbele ya watu. Mwishoni kabisa nikachezewa vibaya, nikapewa kurusha mipira miwili peke yangu. Kocha akanipigia kelele, "Pumua!" Nikapumua, wa kwanza ukaingia. Wa pili nikasahau kupumua. Tukashindwa kwa pointi moja, na nyinyi wenyewe pigeni hesabu.

Baadaye tumekaa, viatu tumevua, Kocha Beatrice hakunigombeza. Aliuliza tu, polepole, kama daktari.

"Ulikula nini?"

"Kahawa."

"Na mapumziko ulikunywa maji?"

"Apana, nilikuwa natafuta kiti."

"Wakati unakimbia uliona nini?"

"Kikapu tu, kocha. Vingine vyote vilipotea."

Akatikisa kichwa. "Presha ni vile inafanya. Macho yanakuwa kama unachungulia ndani ya bomba. Miguu yako ilizoea upande ule tangu mwanzo, ni kichwa kilipaswa kuiambia kwamba tumehama. Na kichwa chako kilikuwa wapi?"

Jeanine akajibu kabla yangu: "Kilikuwa kwenye kiti, karibu na mama mukwe." Wakacheka mpaka na mimi nikacheka, machozi yananitoka.

Njia ya kurudi nyumbani ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Mama mkwe anatembea mbele, kila duka la Bwiza anasimama: "Mumesikia mukwe wangu? Amekimbia, wote wamemuogopa, hata mumoja hakumugusa!" Mume wangu Juma anauma midomo. Mimi naangalia chini. Tulipofika, mama akakaa, akavua mtandio, akafikiri kidogo.

"Lakini mbona mumeshindwa, na we ulifunga vizuri vile?"

Juma akashindwa kujizuia. "Mama, alifunga kwetu. Aliwafungia Musaga."

Nikaona Alhamisi zangu zinaondoka. Mama mkwe akaniangalia muda mrefu, halafu mabega yakaanza kutikisika, na mara akalala kwenye mkeka kwa kicheko, anajipiga mapajani, "Yebaba we! Na mi nikapiga vigelegele!" Alipopata pumzi akajifuta macho, akasema, "Basi Alhamisi uende. Mutu mwenye mbio zile ni lazima aonyeshwe njia. Watoto nitabaki nao."

Tangu hapo nimeapa. Asubuhi ya mechi nakula hata kama chakula kinanikataa, na wakati wa mapumziko simsalimii mtu, awe nani: nakunywa maji yangu, natembea mpaka kikapu kipya, nashika nguzo yake na kusema, "Ni hiki." Wenzangu wananicheka, na wacheke. Kilichobaki ni kimoja tu, na dawa yake hata Kocha Beatrice hana. Mama mkwe sasa hakosi mechi, na nikishika mpira tu anasimama, ananyoosha mkono, ananionyesha kwa nguvu zote upande wa kukimbilia, na mara nyingi anakosea.