Siku Niliyomfungua Mbwa wa Baba

Mimi nina mdomo. Pale kijijini kwetu Ilongero kila mtu analijua hilo, na wateja wangu wa mjini Singida, ninakoshona nguo, wanalijua zaidi. Mtu akiniletea kitambaa pungufu kisha akaja kulalamika gauni linambana, namwambia ukweli wake hapo hapo mlangoni, apende asipende. Kwa hiyo asije mtu akadhani siku ile nilinyamaza kwa upole. Nilinyamaza kwa woga, na huo woga umenikaa rohoni hadi leo.

Baba alikuwa na mbwa mmoja wa rangi ya vumbi, sikio moja limelala. Hakumpa jina. Alimwita "bwana" tu: "Twende, bwana." "Bwana, toka hapo." Mama alikwisha kufariki, sisi watoto wawili tulishaolewa, kwa hiyo nyumbani walikuwa wao wawili, na nikipiga simu jioni namsikia baba akimgombeza bwana kama anayegombeza mke.

Sasa kwetu mbwa hafungwi kamba. Mbwa wa mtu anamfuata mwenyewe: shambani, machungani, kilabuni, hata kanisani analala nje mlangoni akingoja. Ukimwona mbwa ana kamba shingoni, unauliza kafanya nini, kaiba mayai ya nani. Baba peke yake ndiye aliyemfunga wake, na si kila siku. Akienda shamba la alizeti, mbwa yuko huru. Akienda mnadani, au penye harusi, au penye msiba, mbwa anavaa mkanda.

Mkanda huo niliushona mimi. Alikuja mjini na uzi aliopimia shingo ya mbwa, akaniwekea mezani. Nilicheka mpaka wateja wakageuka. "Baba, na suti nimshonee?" Akasema, "Mshonee mkanda kwanza." Nikachukua suruali kuukuu ya jinzi, nikaikunja mara nne, nikapiga mishono miwili kila upande, nikatia kifungio cha chuma nilichong'oa kwenye begi bovu. Kazi yangu ilikuwa imara, hilo nalisema bila aibu.

Nilikwenda naye mnadani mara nyingi nikiwa nyumbani, na kila mara nilikosa pa kuweka uso. Watu walimtania waziwazi. "Mzee, huyo unampeleka mahabusu?" Yeye anacheka nao, lakini kamba haiachii. Hakuingia katikati ya mnada kabisa. Alisimama pembeni, penye kivuli, na kidumu kilichokatwa chenye maji ya mbwa, akanituma mimi chumvi na mafuta ya taa. Siku moja nilimjia juu. Nikamwambia huyu mbwa hajawahi kumng'ata hata kuku, unatudhalilisha bure. Akanijibu taratibu, "Nyumbani namjua. Hapa penye watu simjui, na yeye mwenyewe hajijui."

Njiani pia alikuwa na adabu zake. Jirani yetu mmoja ni mama wa Kiislamu, na siku za Ijumaa akikutana naye amevaa kwenda kuswali, baba alivuka upande wa pili wa njia, akafupisha kamba hadi mbwa akagusana na goti lake, akasimama hadi mama apite. "Shikamoo mzee," anasema yule mama. "Marahaba mwanangu, nenda salama." Hapo ndipo wanaendelea na safari. Mimi niliona ni kupoteza muda.

Baba aliumwa mwaka huu, alizeti zikiwa zimeanza kuinamisha vichwa. Hospitalini, siku tatu kabla hajafariki, alinishika mkono. Nilidhani atasema habari za shamba. Akasema, "Mbwa nakuachia wewe. Nyumbani mwache atembee. Watu wakiwa wengi mshike mwenyewe, usimfungue hata akilia." Nikasema ndiyo baba. Akasema, "Sema vizuri." Nikasema, "Nimesikia baba, sitamfungua." Akafumba macho, akaniachia mkono.

Siku ya mazishi nilimfunga mbwa nyuma ya ghala, na kwa kuwa kila mtu alikuwa na kilio chake hakuna aliyemsikia. Ikaja siku ya arobaini, ambayo kwetu ndiyo siku ya kugawa nguo za marehemu. Watu walijaa uwanja mzima. Sufuria za nyama zilikuwa mekoni, kwaya imekuja na spika, watoto wanakimbizana kila mahali. Nikamvisha mbwa mkanda tangu asubuhi, nikamfunga pale pale nyuma ya ghala, nikamwekea maji kwenye kidumu cha baba. Hadi hapo nilikuwa sijakosea.

Kwaya ilipoanza, mbwa alianza naye. Alilia kwa sauti ndefu hadi watu wakawa wanatazamana. Nikiwa napita na ungo wa mchele, nikasikia wanawake wa jikoni wakisema: "Mbwa wa marehemu kafungwa kama mwizi, siku ya bwana wake! Watu wa mjini hawa." Mwingine akasema, "Hata kumuaga anyimwe?" Jamani, maneno yale yaliniingia. Kwetu siku ya nguo hakuna wa nyumba ile anayebaki nje. Hata mgonjwa huletwa akalazwa mkekani aone. Na hilo la mjini ndilo lililonichoma kabisa. Nikatua ungo, nikasema moyoni, ngoja niwaonyeshe nani wa mjini. Nikaenda nyuma ya ghala, nikafungua kifungio kwa mkono wangu, mkanda ukabaki kwenye kamba.

Mbwa alipita kati ya watu moja kwa moja hadi mkekani, zilipopangwa nguo. Akanusa mashati, akanusa kofia, akafika kwenye koti la baba, lile zito la kahawia alilovaa masika na kiangazi, akajilaza kandokando yake, kidevu juu ya mkono wa koti. Wanawake wakaangua kilio upya, na mmoja wa wale wa jikoni akanishika bega akasema, "Umefanya vema, mama." Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia fahari.

Ugawaji ukaendelea. Koti alipewa baba mdogo, mdogo wake baba wa pekee, kama ilivyo haki. Akalivaa pale pale. Alipolivaa, mbwa akainuka. Mzee anatembea, mbwa nyuma yake. Anakwenda kusalimia wageni, mbwa yupo. Harufu ni ya baba, sauti si ya baba. Mnyama alikuwa anamtazama usoni kisha anainama kunusa pindo, anatazama tena. Masikio yalikuwa yamelala yote mawili. Nilimwona. Nilisema moyoni nikimaliza kugawa sahani nitamrudisha nyuma ya ghala. Sahani zilikuwa nyingi.

Baba mdogo alisimama karibu na meko kuongea na mtu. Mtoto wa mdogo wangu, binti wa miaka saba ambaye huniita mama mkubwa, alikuja mbio na sahani ya nyama, hakumwona mbwa aliyelala nyuma ya koti, akamkanyaga mguu kwa nguvu zote. Mbwa akageuka akamng'ata pajani. Mara moja tu, akaachia. Mtoto akapiga yowe, nyama chini, damu ikatiririka hadi kwenye soksi.

Nilisikia "Kichaa! Mbwa ana kichaa!" hata kabla sijafika. Wanaume walishashika mipini ya majembe. Mbwa akakimbilia uani, akasimama mbali akitetemeka, na hakuna aliyeweza kumsogelea. Hapo baba mdogo akapiga hatua mbili, akachutama, akanyoosha mkono wenye mkono wa koti la baba. "Bwana," akamwita. "Njoo, bwana."

Akaenda. Alikwenda mwenyewe, mkia chini, akaweka pua yake kwenye pindo la koti. Sitaeleza zaidi ya hapo. Nilikuwa nimesimama hatua kumi, mdomo wazi, huu mdomo wangu usiokosa neno, na sikusema hata "ngojeni".

Mama jirani, yule wa Kiislamu, ndiye aliyekuwa na akili siku ile. Alimsukuma mtu aliyetaka kupaka jeraha ugoro, akambeba mtoto hadi kwenye pipa la maji, akamwosha kwa sabuni na maji ya kumiminika kwa muda mrefu sana, akawa anasema, "Mpelekeni hospitali sasa hivi, si kesho." Mdogo wangu akaondoka na mwanawe kwa bodaboda.

Ndipo baba mdogo alipouliza mbele ya watu: "Nani kamfungua?" Wale wanawake wa jikoni wakatazama chini. Nikajibu haraka, "Mkanda umekatika." Akasema ulete. Nikaenda nyuma ya ghala. Mkanda ulikuwa unaning'inia kwenye kamba, mzima, mishono yangu yote iko vilevile. Mkasi wa kazi siachani nao. Nikautoa mkobani, nikaukata mkanda katikati, nikampelekea. Akauangalia, akatikisa kichwa. "Mafundi wa siku hizi," akasema. Nikakubali kuitwa fundi mbovu.

Kesho yake afisa mifugo alikuja. Hakupayuka, na afadhali angepayuka. Alisema mbwa aking'ata mtu hauawi. Anafungwa mahali salama, anapewa chakula na maji, anaangaliwa siku kumi. Akiwa mzima baada ya hapo, mtoto naye hana hofu. "Sasa nimwangalie nani?" akauliza. Akauliza pia kama alichanjwa. Hakuna aliyejua. Baba aliishi peke yake, mambo yake alikuwa nayo mwenyewe. Ikawa mtoto lazima amalize sindano zote, na kila sindano mdogo wangu ananipigia simu akilia, na mimi namfariji, loo, kama mtu mwema.

Siku ya nne baba mdogo alifika kwangu mjini. Nikamwamkia, "Shikamoo baba mdogo." Hakuitikia. Alitoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka kwenye cherehani. Ilikuwa kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, muhuri juu ya muhuri, mwaka baada ya mwaka, na wa mwisho ni wa mwaka huu, baba akiwa ameshaanza kuugua. "Ilikuwa mfukoni," akasema. "Mfuko wa ndani. Niliivaa wakati namwita." Alikaa kwenye kiti cha wateja akajishika kichwa. Hapo ndipo ningesema. Nilimpa maji ya kunywa.

Koti hakulivaa tena. Mdogo wangu aliniambia amelitundika ukutani na halitazami, na akimwona mtoto anamwomba msamaha yeye, mtoto wa miaka saba.

Binti alipomaliza sindano ya mwisho, yeye na mama yake walilala kwangu. Asubuhi nikiwa nashona, yeye anachezea vipande vya vitambaa kwenye droo, akanyanyua ule mkanda. Nilikuwa nimeuomba kwa baba mdogo siku ile ile eti nijifunze kosa langu la ushonaji, kumbe sikutaka mtu mwingine auangalie vizuri.

"Mama mkubwa, huu ni wa bwana."

"Ni wake."

Akaupitisha kidole pale ulipokatika. "Umekatika vizuri, kama vitambaa vyako." Kisha akaanza kulia bila sauti. "Mimi ndiye nilimkanyaga. Mama anasema si mimi, lakini ni mimi. Nisingekimbia wasingemuua."

Nilizima redio. Nikamwambia yote: kifungio, mkasi, ahadi ya hospitalini. Alinisikiliza akiwa ameshika mkanda kwa mikono miwili.

"Babu alikuambia usimfungue?"

"Aliniambia."

"Ukamfungua."

"Nikamfungua."

Sikutegemea anihurumie na hakunihurumia. "Basi kamwambie babu mdogo," akasema. "Yeye anadhani kosa ni lake peke yake."

Nilipanda bodaboda siku hiyo hiyo, mchana wa jua kali, na njia nzima nilikuwa natunga namna ya kuanza. Nilipofika nilisahau yote. Nilimkuta anapeta alizeti uwanjani, nikamwamkia, akaitikia, nikampa mkanda na kumwambia kabla sijakaa. Nilingoja anifukuze. Nilikuwa tayari hata anipige.

Aliutazama ule mkato muda mrefu. Akaingia ndani, akatoka na koti la baba mkononi, akakaa kizingitini akaliweka magotini. "Shona," akasema, akinirudishia mkanda.

"Baba mdogo, wa nini? Mbwa hayupo."

"Najua hayupo. Shona."

Sindano na uzi nilikuwa navyo mkobani. Nikakaa kando yake, nikaunganisha ile jinzi pale nilipoikata, mishono miwili kila upande, na yeye akawa ananingoja, mfuko wa ndani wa koti, ule uliokuwa na kadi, ameufungua tayari kwa vidole.